Uzito wa Gideon Pell

Kijito cha Mierezi, Jersey Magharibi
Siku ya 9, mwezi wa 8, 1702

Shangazi Hester mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka ng'ambo ya maji mengi. Mimi sijambo, ng'ombe hajambo, na kuku saba hawajambo. Wa nane alichukuliwa na mbweha. Wewe hujambo? Goti lako linasemaje? Na paka wetu bado analala ndani ya kikapu cha sufu na kujifanya hakuna aliyemwona?

Nahodha atakayeichukua barua hii amenicheka sana. Aliona tarehe niliyoandika akaniuliza kama sisi Marafiki, watu wa dhehebu letu, hatujui kuhesabu, maana mwezi tunaouita wa kwanza yeye anauita Machi, na huu wetu wa nane kwake ni Oktoba. Nikamwambia hatupendi kuita miezi kwa majina ya miungu ya Kirumi. Akafikiri kidogo, akasema basi yeye akimwahidi mkewe kurudi mwezi wa tatu atakuwa na nafasi ya kuchelewa miezi miwili bila kusema uongo. Nilimwambia hiyo siyo sababu nzuri ya kujiunga nasi.

Ardhi ni nzuri, Shangazi. Baba aliinunua akiwa ameketi kwenye kiti chake hapo Colchester, akafa bila kuiona, na kila asubuhi namhurumia kwa hilo. Boga moja la hapa linalisha nyumba nzima siku mbili. Kuna mama wa Kilenape, wenyeji wa nchi hii, anayekaa upande wa pili wa kijito. Yeye ndiye aliyenionyesha kupanda mahindi na maharage katika shimo moja. Jina lake ninalikosea kila siku, naye hachoki kunicheka. Naye amenipa jina la lugha ya kwao, na kwa jinsi watoto wake wanavyoangua kicheko nadhani si jina la sifa.

Tumekuwa familia sita. Siku ya kwanza ya juma tunaabudu jikoni kwangu, watu ishirini na wanne na mbwa mmoja, wote kimya tukimngojea Mungu, huku chungu changu kikichemka na kupayuka kama mhubiri wa kanisa la mfalme. Watoto wanakaa kwenye ngazi. Jiko halitoshi tena, na familia nyingine hazitakuja kuishi mahali pasipo na Nyumba ya Mkutano. Kwa hiyo nimetoa kile kilima kilicho juu ya kijito, penye mwaloni mkubwa, ijengwe hapo. Katika kikao cha mwezi uliopita kila mtu aliunga mkono. Karani wetu, Enoch Farrow, alikwisha chovya kalamu yake kwenye wino. Ndipo aliposimama mzee mmoja, Gideon Pell, mjane asiyesema maneno kumi kwa juma, akasema, "Nina uzito." Akaketi.

Unajua taratibu zetu. Hatupigi kura, na mwenye uzito, yaani ambaye moyo wake haujakubali, hasukumwi. Enoch akafuta kalamu, tukaenda kula.

Ahadi yetu sijaisahau. Majani yanaanguka sasa, hii ni mara ya kwanza. Yakianguka mara ya pili na hapa bado hakuna Nyumba ya Mkutano, nitauza ng'ombe na kurudi kwako, wala sitanuna. Lakini usianze kutandika kitanda. Uzito wa mzee mmoja hauwezi kudumu mwaka.

Mwanao,
Damaris Wickham


Colchester
Siku ya 2, mwezi wa 12, 1702

Damaris mwanangu,

Barua yako imefika na harufu ya samaki, na nimeisoma mara nne. Hatujambo. Goti linatabiri mvua vizuri kuliko kalenda. Paka amezaa ndani ya kikapu cha sufu, kwa hiyo tumegundua kwamba muda wote huu tulimwita dume kwa makosa. Binamu yako Josiah alikataa kumvulia hakimu kofia yake, akatozwa faini, na sasa anatembea mjini kifua mbele kana kwamba ametoka vitani.

Umeniandikia habari za kuku, boga, mbweha na nahodha. Hujaniandikia unalala wapi mvua ikinyesha. Mimi ndiye niliyekulea tangu ukiwa na miaka mitano, na ninajua kwamba ukisema sana juu ya kuku kuna jambo linavuja mahali.

Kuhusu huyo mzee wenu, subirini. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi Marafiki ndio tunaopaswa kuijua methali hiyo kuliko watu wote. Mimi sina haraka. Kitanda chako nimekitandika, nimeweka na lile blanketi la kijani ulilokuwa ukipigania na Josiah. Nasema tu kwamba lipo, silazimishi mtu.

Shangazi yako,
Hester Colby


Kijito cha Mierezi
Siku ya 20, mwezi wa 3, 1703

Shangazi mpendwa,

Salamu na pole kwa paka, au hongera, sijui ipi inafaa. Mpe Josiah heshima zangu, ila usimpe blanketi.

Kwa kuwa paa sasa limekamilika, naweza kukuambia kwamba majira ya baridi yote halikuwa limekamilika. Nililala jikoni kati ya tanuri na ng'ombe. Ng'ombe anakoroma, lakini ana joto zuri. Niliugua kifua kidogo, nikapona, na hilo limekwisha.

Sasa nikueleze jambo ambalo haliniruhusu kucheka. Jiko lilipozidi kujaa, nusu yetu walianza kuvuka mto juu ya barafu kwenda kwenye Mkutano wa ng'ambo. Mwezi wa kumi na moja barafu ilipasuka chini ya binti mdogo wa Prudence Hollis. Baba yake alimvuta kwa nywele. Yu mzima, anakimbia, ana makelele kuliko zamani. Ila Prudence amekuja kwangu akaniambia, kwa upole wake uleule wa kuleta siagi, kwamba hawatavuka barafu mwaka mwingine. Theluji ikikaribia bila Nyumba ya Mkutano, watahamia juu ya mto palipo na nyumba tayari. Na Hollis wakihama na watoto wao watano, wengine wote watawafuata. Nitabaki mimi na ng'ombe, na ahadi yangu kwako.

Gideon Pell bado ana uzito. Miezi minane, Shangazi. Kila kikao Enoch anauliza kwa sauti ya taratibu kama kuna mtu asiye na uhuru juu ya jambo la kilima, tunanyamaza, na Gideon anainuka kama mlango unaofunguliwa na upepo. "Nina uzito." Anaketi. Marafiki wameanza kumfanyia wema wa kupita kiasi. Prudence anampelekea mkate wa matufaha kila juma. Enoch alimpasulia kuni za mwezi mzima. Mimi nilimfumia soksi. Anashukuru, anakula mkate, anavaa soksi, na uzito uko palepale. Mtu ni mwema kabisa, ndicho kinachochosha. Angekuwa mkorofi tungepata mahali pa kumshika.

Ana vituko vyake pia. Yeye ndiye wa kwanza kufika huku, yeye na mkewe Ruth, kabla ya familia nyingine zote. Ruth alifariki katika baridi ya kwanza, hakuna hata mmoja wetu aliyemjua. Siku ya kwanza ya juma ibada ikiisha, sisi tunaenda kula, yeye anapanda kilimani peke yake kutazama hali ya hewa, ndivyo asemavyo. Na akifika karibu na mwaloni anavua kofia. Nimemwona kwa dirisha mara kadhaa. Hebu fikiria, mtu aliyekaa gerezani miezi minne kwa kutomvulia hakimu kofia, anauvulia upepo. Watoto wa Prudence wanamwigiza tunavunjika mbavu, kisha tunatubu.

Niombee. Napapenda hapa, Shangazi. Nilidhani nimekuja kulinda ardhi ya Baba, lakini sasa kila asubuhi nahesabu mioshi sita ikipanda kutoka nyumba sita, na nikihesabu mitano moyo unanidunda mpaka wa sita utokee. Sitaki kuondoka.

Damaris


Colchester
Siku ya 28, mwezi wa 5, 1703

Damaris mwanangu,

Barua yako nimeipata. Namshukuru Mungu kwa mtoto wa Hollis na kwa kifua chako. Paka na wanawe hawajambo. Mvua ni nyingi mwaka huu.

Juu ya mzee Gideon sina la kusema. Meli inaondoka kesho kwa hiyo nakomea hapa. Chumba chako kina jua asubuhi, nadhani unakumbuka.

Shangazi yako,
Hester


Colchester
Siku ya 11, mwezi wa 6, 1703

Damaris mwanangu,

Hii ni barua ya pili, na ukiipata kabla ya ile ya kwanza, ile ichome.

Sijambo kwa mwili. Kwa roho sijambo kidogo tu. Juzi nilikaa ibadani na benchi lilinichoma kama jiko. Niliandika kwamba sina la kusema juu ya mzee wenu. Nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo tangu niliposoma habari ya kofia, nikaishika kalamu, nikaitazama, nikawaza: nikinyamaza, majani yataanguka, na Damaris atarudi. Nikakuandikia habari za mvua. Sisi tunakataa kula kiapo mahakamani kwa sababu neno letu ni kweli siku zote, nami nimedanganya kwa kunyamaza, tena kwa mwandiko mzuri. Unisamehe. Nyumba hii ina sauti kubwa sana ya saa ya ukutani tangu uondoke, na hilo ndilo lote ninaloweza kulitaja kama udhuru.

Sasa sikiliza. Mwanamume wetu havui kofia mbele ya hakimu wala mfalme. Anaivua akimwomba Mungu, basi. Gideon hatazami hali ya hewa, mwanangu. Anaomba. Kwa nini apande kilima kuomba, na alikuwa ibadani nusu saa iliyopita? Nenda ukamuulize ni wapi alipomzika mkewe.

Hamjui kwa sababu sisi hatuweki jiwe juu ya kaburi. Tunasema mwili ni udongo, na jiwe ni majivuno, na ninakubali, kwa kichwa. Utaniuliza nimejuaje. Yale maua ya manjano yanayochipua mapema karibu na ukuta wa makaburi yetu, ambayo Marafiki hujiuliza yametoka wapi, na mimi huwaambia labda ndege aliangusha mbegu? Yako juu ya kaburi la mume wangu Thomas. Miaka kumi na tisa ndege huyo amevaa aproni yangu. Kwanza maua yale hayapandwi kwa mbegu, yanapandwa kwa vitunguu vyake, ile mizizi ya duara, na hakuna ndege wa Uingereza awezaye kubeba kitunguu cha ukubwa ule. Hakuna aliyewahi kunibishia. Nadhani nusu yao wanajua.

Mmekaa miezi mingapi mkimpelekea mkate, na hakuna aliyemuuliza? Kutomsukuma mwenye uzito ni jambo jema. Kumwacha aubebe peke yake ni jambo jingine. Kuuliza si ujinga, Damaris.

Meli ya kwanza niliiacha ipite na neno hili mfukoni. Kama hii itachelewa na majani yakawa yamekwisha, kosa ni langu, na utakaporudi nitakuambia hivyo mlangoni kabla hujavua viatu.

Shangazi yako akupendaye,
Hester


Kijito cha Mierezi
Siku ya 30, mwezi wa 9, 1703

Shangazi yangu mpenzi,

Salamu, salamu, na salamu tena. Nilikusamehe kabla sijamaliza ukurasa wa kwanza, kwa hiyo vua hilo gunia la toba.

Barua zako mbili zilifika siku moja katika mfuko mmoja, siku ya ishirini na moja ya mwezi wa nane. Mwaloni ulikuwa umebakiwa na majani ya juu tu. Mkokoteni wa akina Hollis ulikuwa umesimama mbele ya mlango wao na kitanda kikiwa juu yake. Nilikuwa nimekwisha zungumza na mtu wa kumchukua ng'ombe. Niliisoma ya mvua kwanza, nikaona sawa, basi, narudi. Kisha nikaisoma ya pili nikiwa nimesimama, nikatoka bila shali.

Gideon alikuwa uani kwake akinoa shoka. Nilisahau hata kumsalimu. "Gideon," nikamwambia, "Ruth amelala wapi?"

Akaliweka shoka chini.  Kisha akasema, "Hatua kumi kutoka kwenye mwaloni, upande wa mawio."

Hapo hasa ndipo tulipokuwa tumepanga kuweka jiko la chuma.

Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniambia, "Sikuulizwa." Nikaketi kwenye gogo. Akaendelea, na nadhani siku ile alimaliza maneno yake ya mwaka mzima. Alimzika theluji ikiwa kiunoni, hakuna jirani, hakuna mahali pengine ambapo jembe liliingia. Ardhi ilikuwa ya Baba, naye hakuwa na ruhusa, na jambo hilo limemsumbua tangu nilipofika. "Na tunafundishwa kaburi ni udongo," akasema. "Ningesimamaje mbele ya Mkutano niseme naizuia nyumba ya Mungu kwa ajili ya udongo? Lakini kuungana nanyi pia nisingeweza. Basi nikasema kilichokuwa kweli. Nina uzito."

Nikamwambia tumekaa mwaka mzima tukimngoja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilikuwa nawangoja ninyi," akasema. "Mlipoanza kuniletea mikate nilidhani mnajua, ila mnaona haya kuligusa."

Nikacheka, Shangazi. Nisamehe, nilicheka hadi machozi, na kisha yakawa machozi tu. Naye akacheka, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiona, ana pengo mbele. Kisha tukapanda kilimani pamoja, na safari hii alinionyesha.

Tulikutana kesho yake, bila kungoja siku ya kikao. Nilisema naomba nyumba ishuke hatua arobaini kuelekea kijito, na kilima kibaki makaburi ya Marafiki. Sikutaja sababu. Gideon akasimama. Watu wakashusha pumzi, Prudence akafumba macho, Enoch akaanza kufuta kalamu kabla hajasikia. Gideon akasema, "Mke wangu yuko pale juu. Uzito umeondoka."  Prudence ndiye aliyeinuka, akaenda kukaa karibu naye kwenye benchi la wanaume, na hakuna aliyemkumbusha kwamba si lake.

Kitanda cha Hollis kikashushwa mchana ule. Kila familia ilitoa magogo. Mama wa ng'ambo ya kijito alikuja na ndugu zake watatu, wakatucheka tunavyopandisha mihimili, wakatusaidia kuipandisha. Jana tumeingia kwa mara ya kwanza, na mwaloni ulikuwa bado na majani matatu, nimeyahesabu. Mlango bado unakwama na upepo unapita kila mahali, lakini ni nyumba. Ina dirisha moja tu la kioo, na tuliliweka upande unaotazama mwaloni. Hilo halikuhitaji kikao.

Kwa hiyo sirudi, Shangazi. Naandika hivyo waziwazi ili nisikudanganye kwa habari za kuku. Nimeshinda ahadi yetu kwa mkono wako wewe mwenyewe, nawe ulijua unachokitoa ulipoituma barua ile. Sijui namna ya kukushukuru, najua tu kwamba chumba chenye jua asubuhi kimebaki kitupu kwa ajili yangu, na inaniuma.

Benchi la mbele la wanawake lina nafasi moja. Prudence alitaka kuikalia nikamwambia ina mtu. Sisukumi. Nasema tu kwamba ipo.

Mwanao siku zote,
Damaris


Colchester
Siku ya 14, mwezi wa 2, 1704

Damaris mwanangu,

Hatujambo sote, na Josiah amelipata blanketi hatimaye, pamoja na kitanda, paka na ile saa. Usikasirike. Sina mahali pa kuviweka kwenye meli.

Mwezi uliopita nilisimama katika Mkutano wa wanawake nikaomba cheti cha kusafiri. Karani aliuliza kama kuna asiye na uhuru. Kimya. Kisha mtu mmoja akasema ana uzito, na nilipogeuka kumtazama ni nani nikagundua ni mimi. Wakaniuliza. Nataka ujue hilo, waliniuliza palepale, kwa kuwa niliwasimulia habari za Gideon wenu na tangu hapo wamekuwa wakiulizana kila kitu hadi inachosha. Nikawaambia, ni Thomas. Nitamwachaje?

Bibi kizee mmoja wa nyuma, yule kiziwi, ndiye aliyejibu. Alisema, "Hester, sisi tutayamwagilia maua. Tumekuwa tukiyapalilia miaka yote, ulidhani magugu yanajing'oa?"

Cheti nimekipata, kina sahihi thelathini na moja. Nasafiri mwezi wa tatu, maua yakishanyauka na vitunguu vyake vikawa tayari kuchimbwa. Nusu nitaviacha kwa Thomas. Nusu ninavileta ndani ya soksi. Mwambie Gideon achague mahali, hatua kumi kutoka kwenye mwaloni, na Marafiki wakija kuuliza maua yametoka wapi, waambie ndege wa Colchester wanaruka mbali sana.

Shangazi yako,
Hester